Mwisho wa ile VR ya kutisha: mnabishana kitu ambacho hamjakiona wote

Kuna hadithi moja ya kutisha ya VR, yaani ile unavaa hedseti yenye skrini machoni ukajiona umo ndani ya hadithi yenyewe, inazunguka hapa Arusha tangu sehemu za gemu zianze kukodisha hedseti. Jina siitaji kwa sababu nitaeleza mwisho wake wote na sitaki kesi na mtu ambae bado hajaivaa, ila kama ushaivaa utaijua tu nikifika kwa mama na sinki. Ni dakika kama 25 hivi. Kila anaevua hedseti ana neno, wapo wanaosema ni kali kuliko muvi yoyote waliyowahi kuona, wapo wanaotaka warudishiwe buku tano yao pale pale, na ubishi hauishii kwenye kochi, unapanda bodaboda na watu unaenda nao mpaka Sakina.

Kwa kifupi inaenda hivi. Uko ndani ya nyumba usiku, mvua inapiga bati, mama na watoto wawili wanakula na kiti kimoja kipo wazi. Hamna anaekusalimia. Ukisogea kabatini kikombe kinadondoka, ukipita koridoni taa inacheza, watoto wanaanza kulia, mama anafunga milango moja moja na taa yake ya chemli, na wewe muda wote unatafuta hilo dude linalowatisha liko wapi. Mwishoni mama yuko jikoni kakupa mgongo anaosha sahani. Anaacha. Anageuka, anakuangalia machoni kwa mara ya kwanza toka hadithi imeanza, machozi yanamtoka, mkono mmoja kashika picha, ule mwingine ananyoosha kidole nyuma yako, anasema kwa Kiingereza imetosha, nenda. Hapo hapo nyuma yako mlango unalia na mwanga unaingia. Alafu giza. Sekunde kadhaa hamna muziki, hamna maandishi, hamna chochote. Imeisha.

Sasa ukikaa pale uwasikilize watu utadhani wameangalia hadithi tofauti. Chalii mmoja anasema ni wazi wewe ndo baba wa ile familia, ulishakufa, kiti kilikuwa chako. Dada mmoja anasema baba gani, kuna kitu kilikuwa kinaingia mlangoni wakakata kabla hakijaonekana, huo ni uvivu tu wa watengenezaji. Mwingine anasema subirini sehemu ya pili. Na wapo ambao hawajavaa kabisa, wameona kwenye TV ya ukutani, nao wana msimamo mkali kuliko wote.

Watu wanachukulia huu ni ubishi wa ladha, yaani huyu anapenda miisho ya kuwaza na yule anapenda iliyonyooka. Mimi naona ladha ni sehemu ndogo sana. Kwenye muvi ya kawaida dairekta anachagua kamera ielekee wapi, wote mlioko ukumbini mnaona fremu ile ile, mkibishana mnabishana kuhusu maana. Kwenye VR kamera ni shingo yako. Hedseti ya Quest 3 kwa mfano, Meta wanaoitengeneza wenyewe wanasema inakuonyesha nyuzi 110 kwa upana, na chumba kimekuzunguka nyuzi 360, kwahiyo muda wowote ule nyuzi kama 250 za hiyo nyumba ziko pembeni na mgongoni kwako na huzioni. Uliza swali moja tu, ulikuwa unaangalia wapi mlango ulipolia? Utashangaa. Yule chalii aliyesema wewe ndo baba alibaki kumwangalia mama, akaiona picha mkononi, ndani ya picha kuna mwanaume amekaa kwenye kile kiti. Yule dada aligeuka aliposikia mlango, na ana haki kabisa ya kugeuka kwa sababu mama mwenyewe kanyoosha kidole kule! Alipogeuka akaona mwanga, akasubiri kitu kitokee, giza. Picha hajaiona mpaka leo. Sasa mtu kama huyo unamwambiaje hajaelewa? Kaelewa vizuri kabisa kile alichokiona.

Watengenezaji wanalijua hili tatizo, ni la zamani kama VR yenyewe. Silaha zao kubwa ni sauti na mwanga, sauti inatokea upande unaotaka mtu ageukie, taa inawaka pale unapotaka atazame, mhusika anaangalia kitu ili na wewe ukifuate. Inafanya kazi sana. Kosa la hapa ni kwamba wamevuta kamba mbili kwa wakati mmoja, uso wa mama mbele na mlango nyuma, na kila mmoja amefuata ya kwake. Sauti ikitokea mgongoni kwako gizani usipogeuka wewe una moyo wa chuma. Mwili wa mtu umeumbwa ugeuke.

Wale wa kwenye TV sasa. Mwenye sehemu huwa anarusha picha ya hedseti kwenye skrini ili wanaosubiri zamu wasichoke, na wale wanaona kile ambacho mvaaji kaangalia, bapa, inayumba yumba kila akitikisa kichwa, bila ile sauti ya kuzunguka. Wanaona mtu mzima anapiga kelele kwa kikombe kilichodondoka, wanacheka mpaka basi. Mwisho ukifika kwao ni giza kwenye TV tu, huku pembeni feni inazunguka na mtu anauza karanga. Hawa wakisema mwisho ni wa kawaida hawadanganyi, ila tusiwahesabu kwenye kura.

Tuje kwenye kitu cha pili, ambacho kwangu ndo utamu wenyewe. Kwenye VR wewe ni nani? Kwenye muvi hilo swali halipo, umekaa kwenye kiti unaangalia maisha ya wengine. Ukivaa hedseti umesimama katikati ya chumba chao na hamna anaekuona, ukiangalia chini mara nyingine hata miguu huna. Oculus, kampuni ya hedseti za VR, walikuwa na studio yao ya hadithi, Oculus Story Studio, iliyofungwa 2017, na watu wa pale mwaka 2015 waliipa hii hali jina la muigizaji Patrick Swayze, kwa sababu kwenye muvi ya 1990 aliigiza mtu aliyekufa, yupo chumbani na wapendwa wake, anaongea na hawamsikii. Ndo mtazamaji wa VR alivyo. Kuna katuni yao moja inaitwa Henry, ikapata tuzo ya Emmy 2016, kalunguyeye anasherehekea birthday yake peke yake na anakuangalia machoni moja kwa moja. Inapendeza lakini inaleta kizunguzungu fulani hivi cha akili, huyu analia hana mgeni, na mimi niliyekaa hapa mbele yake ni nani?

Kwahiyo hadithi nyingi za VR zinahangaika kuficha hilo tundu. Hii ya kwetu imefanya kinyume, imelichukua hilo tundu ikalifanya ndo hadithi yenyewe. Hamna aliyekusalimia kwa sababu wewe ni marehemu. Vikombe vilidondoka kwa sababu wewe umepita. Dakika 25 unalitafuta dude, kumbe dude ni wewe. Kwa sisi tuliokulia kwenye muvi za kutafsiriwa ambako sheria ya kwanza ni steringi hauawi, hapa steringi kaingia mlangoni akiwa keshakufa, na hakuambiwa. Mtu ambae muda wote alikuwa anaona ajabu kutojibiwa, mama akimwangalia tu mwisho anapigwa na kitu kizito. Ila mtu mzoefu wa hedseti, aliyecheza sana, ameshazoea kutojibiwa na wahusika, kwake hiyo sio dalili ya chochote, ni VR tu ilivyo. Ndo maana utakuta wazoefu wengi hawakuushika mwisho na bibi wa watu aliyevalishwa na mjukuu wake kwa mara ya kwanza akauelewa kabla ya wote. Alisema mapema kabisa, hawa mbona hawanikaribishi, mimi nimekufa nini? Watu wakacheka.

Alafu kuna suala la mwili, hapa watu wanadharau sana. Mel Slater, mtafiti wa VR wa siku nyingi, mwaka 2009 alitenganisha mambo mawili ambayo tunayachanganya. La kwanza ni kuhisi upo pale mahali. La pili ni kuhisi kwamba kinachotokea pale kinatokea kweli na kinakuhusu. Unaweza kuwa na la kwanza bila la pili. Chumba kinaweza kuwa safi, fremu hazikwami, kila ukigeuka dunia inageuka na wewe, upo pale kabisa, lakini mhusika akifanya jambo la kipuuzi hisia ya pili inavunjika na kuirudisha ni kazi. Na katika yote mawili unajua fika uko Kaloleni umevaa plastiki usoni. Kujua hakusaidii. Chuo Kikuu cha North Carolina kule Chapel Hill, kina Michael Meehan na Fred Brooks kwenye utafiti wao wa 2002 waliwasimamisha watu mbele ya shimo la VR, wakapima mapigo ya moyo, yakapanda, na walipoweka chini ya miguu ukingo halisi wa mbao wenye unene wa kama sentimita 4 tu, ili vidole viguse ukingo kweli, yakapanda zaidi. Sentimita 4! Mtu anajua kabisa amesimama kwenye sakafu ya chuo.

Sasa ule moto wa mwilini hauzimiki kwa swichi. Dolf Zillmann, mtafiti wa hisia za watu, alilieleza hili toka 1971: mwili ukishawaka, moyo mbio, jasho, misuli imekaza, unachukua muda kupoa, na hisia yoyote itakayofuata inarithi ule moto. Ndo maana muvi ya kutisha ikiisha vizuri unatoka na raha kubwa isiyo na maelezo, hofu imegeuka kuwa ushindi. Na ndo maana ikikatwa bila kupumua, ule moto unarithiwa na hasira. Wale wanaovua hedseti wakidai hela yao, angalia mikono yao, bado inatetemeka. Nusu ya ile hasira ni adrenalini inayotafuta pa kwenda. Ukimuuliza mtu huyo huyo kesho yake asubuhi akinywa chai mara nyingi makali yamepungua, sio yote, ila yamepungua.

Na lile giza la mwisho lina ubaya wake wa kipekee. Kwenye ukumbi wa sinema skrini ikizima kuna viti, kuna mwenzako pembeni, kuna taa ya kijani ya mlango. Kwenye hedseti skrini ikizima wewe uko ndani ya giza. Hujatoka. Hujui kama imeisha au kuna kitu kinakuja usoni, na kwakuwa umetishwa dakika 25 mwili wako unapiga kura kwamba kinakuja. Zile sekunde ni ndefu. Nimeona mtu mzima na ndevu zake anasema kwa sauti ya chini, oya nivueni, nivueni.

Ukichanganya hapo na jinsi kumbukumbu inavyofanya kazi ndo unaelewa kwanini mwisho tu unaweza kuharibu kila kitu kwa mtu. Mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake mwaka 1993 waliwaambia watu watie mkono kwenye maji ya baridi ya nyuzi 14 kwa sekunde 60. Kisha mkono mwingine, sekunde 60 zile zile za nyuzi 14, ila wakaongezewa sekunde 30 nyingine huku maji yakipashwa taratibu mpaka nyuzi 15, bado baridi, bado inauma, ila kidogo nafuu. Walipoulizwa wangependa kurudia lipi, wengi wakachagua lile refu, lenye maumivu mengi zaidi kwa jumla! Sababu kumbukumbu haijumlishi, inachukua pale palipouma zaidi na pale palipoishia, basi. Kwahiyo mtu akisema dakika 24 zilikuwa nzuri na moja ikaharibu zote, haongezi chumvi, ndo hesabu ya kichwa chake ilivyo. Na hapa hadithi yetu imefanya ujanja wa hatari, imeweka kilele na mwisho kwenye sekunde zile zile. Aliyeiona picha kapata vyote viwili, asiyeiona kakosa vyote viwili. Hamna wa katikati.

Kuna watu pia hawapendi tu jambo kuachwa wazi, na hilo sio ujinga wala ushamba. Mwanasaikolojia Arie Kruglanski kaisoma hiyo hali miaka mingi, mwaka 1994 yeye na Donna Webster walitoa kipimo chake cha maswali, na picha wanayoitoa ni kwamba kila mtu yuko mahali pake, kuna wanaotaka jibu lolote ilimradi jibu na kuna wanaoweza kukaa na swali. Na mtu yule yule akiwa amechoka au ana haraka anataka jibu zaidi. Mtu aliyelipia, ana foleni nyuma yake, hedseti imembana pua, na mwenye sehemu kashaanza kumgonga bega, huyo hayuko kwenye hali ya kukaa na swali.

Naongeza la kwetu hapo. Hadithi tulizokulia nazo zina mlango wa kuingilia na wa kutokea, paukwa pakawa unaingia, na hadithi yangu imeishia hapo unatoka, mtoto anajua sasa anaweza kwenda kulala. Hata kwenye vibanda umiza vya muvi, Arusha hii na Moshi kule Majengo, yule dijei wa kutafsiri hakuachi njiani. Muvi yenyewe inaweza kuisha mtu anaangalia bahari tu, dijei atakuambia huyu sasa kamkumbuka mkewe, anaenda kulipa kisasi, asante kwa kutazama. Mwisho kaufunga yeye. Ukivaa hedseti hamna dijei. Mzungu kakuachia giza na wewe uliyezoea kufungiwa mlango unaona kama hiace imekushusha Kwa Mrefu na nauli ulilipa mpaka Usa. Siwalaumu kabisa.

Kwa upande wa magemu ya VR kuna malalamiko yanafanana na haya lakini chanzo chake kingine, nitapita haraka. Resident Evil 7 ilitoka Januari 2017 na kwenye PlayStation VR, hedseti ya PlayStation, unaicheza yote mwanzo mwisho ukiwa ndani. Karibu na mwisho unapewa dozi moja ya dawa na wanawake wawili, Mia na Zoe, uchague umpe nani. Ukimchagua Zoe hadithi inakupeleka kwenye mwisho mbaya, na stori zilizofuata baadae zinaendelea kana kwamba ulimchagua Mia. Hapo kinachouma sio giza, ni kuulizwa alafu jibu lako lisihesabike. Kwenye skrini bapa inakera, kwenye hedseti ulikuwa umesimama mbele yao wawili wanakuangalia, inakera zaidi.

Msimamo wangu mimi? Wazo la mwisho wa hii hadithi ni zuri mno, kati ya mawazo bora niliyoyaona kwenye VR, kwa sababu haliwezi kufanyika vile kwenye kitabu wala kwenye muvi. Utekelezaji ndo umewaangusha. Wale wanaosema walioudharau hawana akili wanakosea, wengi wao hawakuonyeshwa.

Na usiniambie haikuwezekana. Kuna VR za aina mbili na watu hawazitofautishi. Ya kwanza ni video ya 360, imerekodiwa ikaisha, inakwenda tu kama video yoyote, uangalie usiangalie, dairekta akishaimaliza hana la kufanya. Ya pili inatengenezwa pale pale na injini ya gemu, yaani programu inayochora picha, wakati unaangalia, hedseti inajua kila sekunde kichwa chako kimeelekea wapi, na programu inaweza kuambiwa isubiri: mlango usilie mpaka huyu mtu awe ameitazama picha sekunde mbili. Ni jambo la kawaida kabisa kwa watengenezaji. Kujua unayoivaa ni ipi ni rahisi, sogeza kichwa pembeni uchungulie nyuma ya kitu kilichoko karibu. Kwenye video ya 360 chumba kizima kinakufuata, huoni kipya. Kwenye ya injini utaona upande wa pili.

Nilichungulia nyuma ya kile kiti cha wazi. Kuna koti la mwanaume limening'inia, lina matope ya mvua pindoni, na kwa mbele halionekani kabisa. Kwahiyo ni ya injini. Waliweza kuficha koti kwa ajili ya mmoja kati ya watu kumi anaechungulia, wakashindwa kumwambia mama asubiri sekunde mbili.